Plastiki Hufa kwa Kukakamaa

Kama barazani kwako kuna kiti cha plastiki kilichokaa juani miaka miwili mitatu, nakuomba usikikalie kwanza. Pitisha kiganja kwenye egemeo lake, upande ule unaotazama angani. Kiganja kikitoka na unga mwembamba mweupe, kigeuze kiti upitishe kiganja upande wa chini, kule jua lisikofika. Huko utakuta plastiki bado laini, na rangi ni ile ile ya dukani. Juu kimepauka, kinakwaruza, na ukiinama kukitazama kwa karibu utaona mistari myembamba mno inayokatizana huku na huku. Hizo ni nyufa. Kwa mbali kiti ni kizima: miguu minne ipo, egemeo lipo, hakiyumbi. Akija mjomba mwenye mwili wake akakaa, mguu mmoja utakatika pa! Wala hautapinda kwanza.

Hapo kwenye kukatika bila kupinda ndipo mazungumzo ya leo yalipo.

Tumezoea kusema jua limemaliza nguvu za plastiki. Ukiwauliza wanaopima mambo haya maabara, watakwambia nguvu huwa ya mwisho kuondoka. Wao huchukua kipande cha plastiki kilichochongwa kikawa chembamba katikati na kipana kwenye ncha, wakakibana kwenye mashine na kukivuta taratibu mpaka kikatike. Wanaandika mambo matatu: mvuto uliohitajika kukikata, ukaidi wake wa kurefuka pale mwanzoni, na urefu kiliofikia kabla ya kukatika. Kipande kipya cha polipropilini, ambayo ndiyo plastiki ya viti vyetu vingi, chaweza kurefuka mara kadhaa ya urefu wake wa awali. Sasa kianike nje, kisha ukivute tena. Kwa muda mrefu namba ya kwanza hucheza pale pale. Namba ya pili huweza hata kupanda, maana yake plastiki imezidi kuwa ngumu. Ya tatu ndiyo inayoporomoka. Kwa sababu hiyo wahandisi hawasubiri kitu kikatike ndipo watangaze msiba. Urefu wa kuvutika ukishuka hadi nusu ya ulivyokuwa kikiwa kipya, kwao kitu hicho kimekwisha, hata kama bado kimebeba mzigo.

Kwa hiyo jua halianzi na nguvu. Linaanza na unyumbufu, ule uwezo wa kuachia kidogo unapobanwa. Na kitu kisichoweza kuachia hukupa taarifa moja tu, nayo ni mlio wa kukatika.

Tuingie ndani kidogo. Plastiki ni polima, yaani minyororo mirefu ya atomu, kila mnyororo ukiwa na maelfu ya kaboni zilizoshikana mkono kwa mkono. Minyororo hiyo haikupangwa kwa safu, imejazana kama tambi kwenye sufuria. Sehemu nyingine imejikunja vizuri ikajipanga kuwa vijiwe vidogo vigumu, na sehemu nyingine imebaki ovyo, legevu, ikipita kutoka kijiwe kimoja kwenda kingine. Hiyo minyororo inayopita katikati, inayoshikilia jiwe na jiwe, ndiyo inayoifanya plastiki ivutike bila kukatika. Ni michache kuliko unavyodhani, na ndiyo iliyo wazi zaidi kwa adui, kwa kuwa hewa haipenyi ndani ya vijiwe bali hupita kwenye ule ulegevu.

Adui mwenyewe ni miale ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua ambayo macho yetu hayaioni. Mwanga hutufikia kwa mafungu madogo ya nishati yanayoitwa fotoni. Fungu la mwanga wa kijani, ukilipima kwa kipimo cha wanakemia, lina kama kilojuli 220 kwa moli. Fungu la urujuanimno lenye wimbi la nanomita 300 lina 400. Kifungo cha kaboni kwa kaboni huvunjika kwa takriban 350. Hesabu hiyo yatosha kukuonyesha kwa nini taa ya sebuleni inaweza kumulika beseni lako miaka yote lisidhurike, huku jua likilimaliza.

Lakini kuna kichekesho hapa, na ndicho kinachonivutia mimi kuliko yote katika habari hii. Polipropilini safi kabisa, na hata polietilini ya mifuko na matangi, hainyonyi miale hiyo inayotufikia. Tabaka la ozoni limeshachuja yote yenye wimbi fupi chini ya nanomita 290 hivi, na iliyobaki ingepita ndani ya plastiki safi bila kugusa kitu. Tatizo ni kwamba plastiki safi haipo duniani. Kiwandani imeyeyushwa kwa moto mkali, ikakutana na oksijeni, ikabaki na alama za kuungua zisizoonekana. Tena imebaki na chembe za madini ya kichocheo kilichotumika kuitengeneza. Hizo alama na hizo chembe ndizo zinazonyonya miale. Kwa maneno mengine, kasoro ambayo jua huitumia kumaliza kiti chako ilizaliwa siku moja na kiti chenyewe.

Baada ya hapo kazi kubwa hufanywa na oksijeni. Fotoni moja ikivunja kifungo kimoja, huachwa radikali huru, kipande chenye elektroni moja isiyo na mwenzake, ambacho hakitulii mpaka kinyakue kitu. Kinanyakua oksijeni ya hewani. Kikishaipata, kinapokonya hidrojeni ya mnyororo wa jirani, na jirani naye anakuwa radikali. Katika mapokonyano hayo huzaliwa haidroperoksidi, na hiyo nayo, ikipigwa na jua, hupasuka ikatoa radikali mbili mpya. Moja imezaa mbili, na kila mzunguko minyororo kadhaa hukatwa katikati. Mwaka 1946 wanakemia wawili wa Uingereza, Bolland na Gee, waliokuwa wakichunguza uchakavu wa mpira, waliandika hatua hizi kwa mpangilio, na mpaka leo wanafunzi wa polima huanzia hapo.

Minyororo iliyokatwa inakuwa mifupi, na mifupi husogea kirahisi. Inajipanga pembeni mwa vile vijiwe vigumu na kuvikuza. Kwa hiyo plastiki inazidi ugumu huku kile kilichokuwa kikishikilia jiwe na jiwe kikizidi kupungua. Vijiwe vinapokua, ngozi ya nje hunywea kidogo, lakini nyama ya ndani haijanywea, na ngozi hupasuka kwa mvutano huo. Ndizo zile nyufa ulizoziona kwenye kiti. Kwenye vitu vinene uharibifu mwingi huishia nusu milimita ya juu, kwa sababu oksijeni inaliwa kabla haijafika ndani na miale nayo inazidi kupungua. Ndani ya mguu wa kiti mna plastiki nzima isiyo na ubaya wowote. Haisaidii. Ufa ukianzia kwenye ngozi iliyokakamaa hukimbia kwa kasi, na ukifika kwenye nyama nzima hausimami kuuliza njia. Kama upande uliokakamaa ndio unaovutwa, kitu kitakatika, na kama ndio unaobanwa, ufa hufungwa na kitu kinaweza kudumu. Fundi makini anaweza kulitumia jambo hilo.

Sasa huku kwetu. Jua la karibu na Ikweta hupita utosini, kwa hiyo safari yake ndani ya hewa ni fupi, na ozoni ya ukanda wa tropiki ni pungufu kuliko ya kaskazini. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha nguvu ya miale hii ambapo 11 na kuendelea huitwa kupita kiasi. Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, saa sita mchana, 11 ni jambo la kawaida. Wa Mbeya, Nairobi na Kigali wanaodhani baridi yao ni kinga wamekosea, kwani kila ukipanda mita 1,000 miale huongezeka kwa asilimia kama 10. Juu ya hayo, jumla ya mwanga wa jua tunaoupata kwa mwaka ni karibu mara mbili ya unaofika Ulaya ya kaskazini. Turubai lililoandikwa kwamba litadumu miaka mitano, lakini likapimwa kwa jua la Uholanzi, likifika Dodoma lina hesabu nyingine. Na kivuli nacho kina udanganyifu, maana sehemu kubwa ya urujuanimno hutawanywa angani na kutufikia kutoka kila upande. Kiti kilicho chini ya mwembe kinakufa polepole, lakini kinakufa.

Joto nalo huchochea. Jua likipiga bati na mchanga, zile hatua za Bolland na Gee hukimbia. Ndiyo sababu taka ya plastiki iliyotupwa ufukweni huchakaa haraka kuliko inayoelea baharini. Maji huipooza, na mwani na konokono wakiota juu yake huifunika. Anthony Andrady, mwanasayansi aliyeandika sana kuhusu plastiki za baharini, amelieleza hilo kwa miaka mingi: ufukwe ndio kinu cha kusaga plastiki kuwa chembe. Mimi naona somo la kazi hapo. Tukiwa na nguvu chache za kusafisha, zianzie mchangani, kwa sababu chupa iliyopauka ikishameguka hakuna fagio litakaloikusanya.

Polipropilini ina udhaifu wake wa kuzaliwa. Giulio Natta aliifanikisha Milan mwaka 1954, na mwaka 1963 akashiriki Tuzo ya Nobel na Mjerumani Karl Ziegler. Ni plastiki nzuri, nyepesi, rahisi, hainyonyi maji. Lakini katika mnyororo wake, kila kaboni ya pili ina tawi, na hidrojeni iliyokaa kwenye kaboni hiyo yenye tawi hung'oka kwa urahisi mno. Uzi mwembamba wa polipropilini usiowekewa dawa, ukiuacha wazi chini ya jua letu, hauvuki mwaka.

Nawataja watu wa Tanga hapa kwa makusudi. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na inasemwa miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutokana na miche hiyo yakatoka mashamba ya Korogwe, Muheza na kwingineko, manamba, yaani vibarua wa mkataba, wakaja kutoka mbali, makorona, zile mashine za kuchuna nyuzi, yakanguruma usiku na mchana, na mwaka 1964 Tanganyika ikavuna takriban tani 230,000 za katani, yaani nyuzi za mkonge. Sehemu kubwa ilikuwa kamba za kufungia marobota ya nyasi kwa wakulima wa Ulaya na Marekani. Kisha ikaja kamba ya polipropilini. Wazee wa mkonge watakutajia bei, watakutajia utaifishaji wa mwaka 1967, na vyote vina nafasi yake. Ila marobota yale hulala shambani juani majira mazima ya kiangazi. Kamba mpya ingekuwa unga kabla ya ng'ombe kula nyasi, kama wanakemia wasingepata dawa ya kuikinga na jua. Kwa maoni yangu, gramu chache za dawa hiyo katika kila kilo zilichangia kuiangusha katani kuliko tunavyopenda kukiri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yetu yalikuwa chini ya tani 30,000.

Dawa zenyewe ni za aina mbalimbali, na wengi wetu tunaishi na moja yao juu ya paa. Umewahi kujiuliza kwa nini matangi ya maji mengi ni meusi? Weusi ule ni masizi, ya kusagwa laini sana, asilimia mbili au tatu tu ya uzito wa plastiki. Masizi humeza miale karibu yote na kuigeuza joto kabla haijaigusa minyororo. Watafiti wa maabara za Bell huko Marekani walilithibitisha hilo karibu na mwaka 1950 walipotafuta ganda la nyaya za simu, na nyaya za nje ni nyeusi mpaka leo. Tangini yana kazi ya pili, kwani maji yaliyo gizani hayaoti ukijani. Lakini usidanganywe na rangi peke yake. Masizi yasiposagwa vizuri na kusambaa sawasawa hubaki mabonge, na bonge ni mahali pazuri pa ufa kuanzia. Tena kuna mabeseni meusi sokoni ambayo weusi wake ni wa kuficha mchanganyiko wa plastiki za rangi zote zilizookotwa na kuyeyushwa upya. Plastiki hiyo imeshakaa juani maisha yake ya kwanza, dawa yake imeliwa, na alama za kuungua imejaa tele. Imeanza safari ikiwa imechoka. Sisemi tusiitumie. Nasema iwe ndoo ya ndani, au iongezewe dawa upya.

Rangi nyeupe ina kisa chake. Nyeupe ya plastiki hutokana na oksidi ya titani, na oksidi hiyo huja kwa maumbo mawili ya fuwele. Rutili hukinga. Anatasi, ambayo kwa macho ni nyeupe ile ile, ikipigwa na jua huanzisha yenyewe yale mapokonyano na kuila plastiki iliyoibeba. Mnunuzi hana njia ya kuzitofautisha.

Dawa ya tatu ndiyo ya akili zaidi. Ni kemikali za jamii ya amini zilizobuniwa Japani na kusambazwa na viwanda vya Ulaya kuanzia miaka ya 1970. Hizi hazizuii miale kabisa. Zinaiacha iingie, ivunje, halafu zinazikamata radikali kabla hazijapokonya, na zikishazikamata hurudia hali yake na kungoja nyingine. Kiasi kidogo mno kinatosha, na hata uzi mwembamba unakingika, jambo ambalo dawa za kunyonya miale haziwezi, kwa kuwa zenyewe zinahitaji unene ndipo zifanye kazi. Kasoro yake waijue wakulima wa maua wa Naivasha na Arusha. Karatasi ya nailoni ya kibanda, ambayo kwa kweli ni polietilini, huwa na dawa hii na hutarajiwa kudumu misimu kadhaa. Lakini waridi hushambuliwa na ukungu, na ukungu hufukuzwa kwa moshi wa salfa. Salfa huzaa tindikali, amini ni ya upande wa pili, zikikutana zinauana. Karatasi inakuta jua halina wa kulizuia, nayo huanza kuchanika pale pale inapogusa chuma cha fremu, ambako joto ni kali zaidi. Wapo watengenezaji wenye dawa zinazostahimili salfa. Ulizia kabla ya kununua, na mwambie muuzaji unafukiza mara ngapi.

Wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja, kilimo kilichoanza kibiashara mwaka 1989, wanalijua hili kwa vidole. Kamba na zile taitai za kufungia mwani ni polipropilini. Bamvua linapotoa maji mbali, zinabaki wazi juani kwa saa nyingi, na baada ya muda taitai haikazwi tena. Unaivuta kufunga fundo, nayo inakatika mkononi na kuacha nyuzinyuzi kavu zinazochoma. Nyuzi hizo huishia mchangani au majini. Wavuvi nao hufunika nyavu za nailoni kwa makuti, na hawakuhitaji maabara kuwafundisha.

Nimalizie na bomba, kwa kuwa nimeulizwa na msikilizaji mmoja wa Morogoro. Mabomba ya PVC hayafi kama kiti. Jua huyang'oa klorini, yanageuka manjano na baadaye kahawia upande wa juu, na kinachopungua ni ustahimilivu wa kugongwa. Shinikizo la maji yatalibeba kama kawaida. Lakini mtoto akiligonga bomba kwa mpira, au fundi akiangusha spana juu yake, litapasuka. Kwa hiyo usinunue bomba lililoanikwa mbele ya duka hata kama bei imepunguzwa. Ligeuze, ulinganishe pande mbili. Na kama bomba lako limepita nje ya ukuta, lipake rangi ya maji, nyeupe au ya kijivu, mikono miwili. Rangi ya mafuta usitumie, kwa sababu viyeyushi vyake hulainisha PVC yenyewe, na fundi atakayekwambia rangi ni rangi tu, mwombe akuonyeshe kwanza kopo lake limeandikwa nini.